Siku moja maishani mwangu: Jumatano kwenye kliniki ya kisukari, Tanga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wiki hii simu ya kliniki iko kwangu, kwa hiyo napitia majibu nikiwa bado kwenye daladala. Kila Jumatatu, mgonjwa aliyekubali kuandikishwa hupata ujumbe mmoja mfupi: "Habari za wiki?" Ana saa 48 za kujibu SAWA au SHIDA. Leo muda umekwisha. Walioandika SAWA nawaacha na shughuli zao. Wangu leo ni wa SHIDA, na wale walionyamaza.

Utaratibu huu tumeuiga. Kenya waliujaribu kwa watu wanaotumia ARV, wakiwauliza "Mambo?" kila wiki. Utafiti huo, WelTel, ulichapishwa kwenye jarida la The Lancet mwaka 2010. Walishiriki watu 538, na waliopata meseji walikuwa na ufuasi mzuri wa dawa kuliko wenzao. Nilipousoma nilipenda jambo moja: ujumbe ule hauamrishi mtu chochote. Unamuuliza hali, na kuna mtu anayesoma jibu lake.

Saa moja na nusu. Benchi limejaa. Wamekuja bila kula ili tupime sukari ya asubuhi, na wengine wametoka mbali, Pongwe na kwingineko, kwa hiyo tunawahi kuwatoboa vidole wakanywe chai.

Mama mmoja mpya, mita inasoma 14.2, sukari iko juu. Anasema vidonge anakunywa. Namuuliza tumbo likoje, ananitazama kwanza. Vidonge vyake vya sukari, metformin, vilimharisha wiki nzima, akaviweka kando. Hilo ni la kawaida mwanzoni, hasa ukimeza kabla ya kula. Namwelekeza ameze katikati ya chakula, na daktari anamwanzishia dozi ndogo itakayopanda taratibu.

Tunapomwandikisha kwenye meseji namuuliza simu ni ya nani. Ya mjukuu. Ndiyo maana ujumbe wetu hautaji sukari wala dawa. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na simu ya nyumbani inashikwa na kila mkono.

Saa nne. Naanza kupiga. Wa kwanza ni mzee mvuvi wa Sahare, aliyejibu SHIDA usiku wa manane.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nilijua utapiga."

Mwezi uliopita kadi yake ilionyesha kuwa dawa anatumia zote. Leo ananieleza kwamba siku za kwenda baharini haimezi kabisa glibenclamide, dawa yake ya kushusha sukari. Aliimeza jioni moja akaingia chomboni bila kula cha maana. Katikati ya maji jasho likamtoka, mikono ikatetemeka, moyo ukaenda mbio, hata kamba akashindwa kuishika. Wenzake walidhani malaria. Ilikuwa sukari imeshuka, na mtu wa namna hiyo akianguka majini hapati wa kumwahi.

Huyu hakusahau dawa hata siku moja. Aliiogopa, na kwa kazi yake alikuwa na haki. Tungekuwa tunamtumia "Kumbuka kumeza dawa" kila jioni, tungekuwa tunamsukuma kwenye hatari ileile.

Nampa daktari simu papo hapo. Wanakubaliana aje Ijumaa apangiwe dawa inayoendana na usiku wa kuvua, na mpaka siku hiyo asitoke bila kula. Mimi namwongezea: chomboni abebe sukari, na akisikia dalili zile akoroge kama vijiko vidogo 3 vya sukari hiyo kwenye maji anywe, apumzike dakika 15, kisha ale. Ananirudishia maelekezo yote kwa mpangilio.

Saa nane mchana. Walionyamaza. Namba moja haipatikani. Nyingine anapokea mtoto, anasema bibi yuko shamba. Mwingine alikuwa ametubipu tangu Jumatatu kwa kuwa salio hakuwa nalo. Kubipu kwake ndilo jibu, na natamani mitandao ya simu ingefanya majibu haya yawe ya bure.

Kuna dada anayechoma insulini. Chupa aliyoifungua imepita siku 28, na nauli ya kufuata mpya hana. Angalau anaihifadhi vizuri, ndani ya mtungi wa udongo uliozungushiwa mchanga wenye maji, maana friji hana. Meseji haiwezi kumletea insulini mlangoni. Ila imetufanya tujue leo badala ya kumwona wiki ijayo akiletwa amepoteza fahamu. Mhudumu wa afya wa mtaani kwake anakuja kesho asubuhi kuchukua chupa, nimeshaiandikia jina.

Saa kumi jioni. Naandika ujumbe wa Ramadhani. Senegal walituma meseji kwa wenye kisukari kipindi cha mfungo mwaka 2014, na sisi, pwani hii, hatuna sababu ya kuchelewa: anayetaka kufunga anapaswa kumwona daktari wiki 6 hadi 8 kabla. Herufi zisizidi 160, la sivyo inahesabiwa meseji mbili. Nimefika hapa:

"Ramadhani inakaribia. Ukitaka kufunga, pita kwanza tuzungumze. Jibu NDIYO tukupangie siku. Huna salio? Bipu, tutapiga."

Inatoka Jumatatu.