Soma Wewe, Mjukuu Wangu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Matendo 8:26-40, ila mnivumilie nianzie kwenye sinema ya vichekesho.

Ni Jack and the Beanstalk ya mwaka 1952, ya Wamarekani wawili, Bud Abbott na Lou Costello. Hadithi yenyewe ni ile ya Waingereza, ya kijana aliyetoa ng'ombe akapewa maharage, mmea ukapanda hadi mawinguni kwenye ngome ya zimwi. Nyimbo zake mimi ningezipunguza. Kilichonibaki ni mwanzo, kabla picha haijatoka kwenye kahawia ikaingia rangi zote.

Costello, mtu mzima wa miaka 40 na ushei, amepewa kazi ya kuangalia mtoto. Anashika kitabu amsomee, maneno yanamshinda. Mtoto anakichukua, anamsomea yeye. Anayesinzia ni mlezi! Zimwi na ngome, vyote ni ndoto yake.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Juzi kwenye jumuiya nilipewa nisome somo hilihili, kupapasa mfukoni, miwani nimeiacha nyumbani. Ningesingizia kifua, kama nilivyowahi kufanya, Mungu anisamehe. Mjukuu wangu wa darasa la tatu akasogea, akaweka kidole chini ya mstari, akaanza. Akakwama: to-wa-shi. Akanigeukia, sauti juu, "Babu, towashi ni nani?" Kina mama wakainamia Biblia zao. Katekista akakohoa.

Basi huyo towashi, yaani mwanamume aliyehasiwa, alikuwa mkubwa, mtunza hazina yote ya Kandake, malkia wa Kushi. Kusoma alijua, Filipo, mhubiri wa Injili, alimkuta garini anamsoma Isaya kwa sauti. Hapo ndipo anaponishinda mimi na Costello. Asiyejua kusoma, au aliyesahau miwani, ana kisingizio. Huyu alikuwa na elimu, cheo na gari, na aliyemuuliza kama yanamwelea ni mpita njia aliyekuja mbio kwa miguu. Akajibu, "Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?" Tena akamsihi apande, waketi pamoja. Namwona akisogea kumpisha, na jasho la Filipo, na vumbi lake.

Alhamisi zamu ni yangu tena. Miwani iko mfukoni. Mjukuu ameuliza kama aje; nimemwambia aje, kiti chake kiwe kando ya changu.