Kauntabuku la msiba

Jirani yetu alifiwa juzi usiku, na hata hakujapambazuka turubai lishafungwa, masufuria makubwa ya kina mama yashatoka stoo, kijana kakaa mezani na kauntabuku anaandika, huyu elfu mbili, yule kilo tano za mchele, yule gunia la mkaa. Hakuna aliyetumwa na serikali wala bosi. Nikamkumbuka Kropotkin, Mrusi aliyekaa Siberia miaka ya 1860 akaona wanyama wanavuka baridi kwa kusaidiana, baadae akawa anarkisti, akasema watu wanaweza kujipanga bila mtawala. Mi namwamini kabisa, maana ule mwiko wa wali niliushika mwenyewe, majivu mpaka kwenye nyusi, na saa saba wageni wote walikuwa washakula.