Nyimbo Mbili za Mwisho

"Mjomba, mbona hii albamu kwako huwa inaishia wimbo wa tisa?"

Mpwa wangu aliuliza hivyo wiki iliyopita, akiwa ameikamata simu yangu kwa kisingizio cha kutafuta muziki wa kumchangamsha wakati wa kusoma, na kabla sijapata la kumjibu alikuwa amekwisha kugundua kwamba orodha niliyoipa jina la Future Nostalgia, albamu ya mwimbaji wa pop Dua Lipa, ina nyimbo 9 ilhali albamu yenyewe ina 11. Nilimwambia kwamba mbili za mwisho hazichezeki. Akaniuliza kama hazichezeki au sizipendi, swali ambalo kwa umri wake sikulitarajia, kisha akaenda zake na simu yangu bila kusubiri jibu. Ndipo nikaikumbuka ile jioni ya mwaka 2020, ambayo nimekuwa nikiahidi kuiandika na kila mara naandika kitu kingine.

Wasomaji wa siku nyingi wanakikumbuka kile kikundi chetu cha kucheza kilichohamia kwenye simu za video baada ya ukumbi kufungwa kwa sababu ya korona, na wanakumbuka pia kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikichagua muziki, kazi isiyo na shukrani hata kidogo. Albamu hiyo ya pili ya Dua Lipa ilitoka tarehe 27 Machi 2020, wiki moja kabla ya siku iliyokuwa imepangwa, kwa sababu ilikuwa imevuja mtandaoni na kwa sababu hakuna aliyejua dunia ingekuwa katika hali gani ifikapo Aprili. Lady Gaga, ambaye naye alikuwa na albamu ya dansi iliyokaribia kutoka, aliisogeza ya kwake hadi mwishoni mwa Mei. Dua Lipa akaiachia yake, na muziki uliotengenezwa kwa ajili ya kumbi zilizojaa watu ukawakuta watu hao wamejifungia vyumbani. Kikundi kikaamua kwamba tuicheze nzima kwa mpangilio wake, dakika zake 37 zote, bila mimi kuruka wimbo wala kupanga upya. Nadhani walikuwa wamechoshwa na upangaji wangu, ingawa walilisema jambo hilo kwa adabu.

Kulikuwa na tatizo la kiufundi ambalo yeyote aliyejaribu kucheza kupitia simu ya video analifahamu. Programu hizo zimebuniwa kwa ajili ya mazungumzo, hivyo besi, ile sauti nzito ya chini, ikirudiarudia huihesabu kuwa kelele na kuifuta, na kinachobaki ni sauti ya mwimbaji inayoelea bila miguu. Dawa ilikuwa kila mtu acheze nakala yake mwenyewe chumbani kwake, tuhesabu pamoja hadi tatu, tubonyeze, kisha wote tufunge vipaza sauti. Hata hivyo, hatukuwahi kubonyeza kwa pamoja, na picha nayo ilichelewa kufika, kwa hiyo nilichokiona kwenye kioo kilikuwa vidirisha vya watu wanaocheza wimbo ule ule, kila mmoja akiwa mahali pake ndani ya wimbo. Mkono uliopanda juu katika kidirisha kimoja ulipanda katika kingine baadaye kidogo. Nilipokwisha kuuzoea mchelewo huo, nikaupenda.

Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, haukuwasogeza. Ni wimbo wa majigambo, na mimi bado naona kwamba majigambo yamewekwa mapema mno, kabla mwimbaji hajatupa sababu ya kuyaamini. Kisha Don't Start Now ikaanza kwa sauti na kinanda tu, besi ikaingia, na nikaona mabega yakianza kufanya kazi kidirisha baada ya kidirisha. Besi ile ndiyo nguvu kubwa ya albamu nzima. Haikai nyuma ikishikilia wimbo, bali inatangulia na kuuvuta, na mapigo yake 124 kwa dakika ni mwendo ambao mwili wa mtu mzima unaufuata bila kuombwa.

Nguvu ya pili ni mpangilio, jambo ambalo wasikilizaji wengi hulipita bila kuliona. Physical inakimbia kwa mapigo karibu 147, ikichokoza kumbukumbu ya wimbo wa Olivia Newton-John wa mwaka 1981 wenye jina hilo hilo, na pale ambapo pumzi zinaelekea kukata inaingia Levitating yenye mapigo 103 tu. Kwa hesabu huo ni mteremko mkali, lakini mchezaji haoni kwamba amepunguziwa chochote, kwa sababu makofi na besi vinajaza nafasi iliyoachwa. Baada yake inakuja Pretty Please, ambayo karibu imevuliwa kila kitu ikabaki besi na sauti, na sote tukacheza polepole huku tukifuta jasho, halafu Hallucinate ikatuinua tena. Aliyezipanga nyimbo hizo alijua mapafu ya binadamu yana ukubwa gani.

Udhaifu nao upo, na sitaki mtu adhani kwamba nilikuwa nimelewa mapigo. Maneno ya nyimbo nyingi ni mepesi: kuna mpenzi mpya, mpenzi wa zamani anayezuiwa mlangoni, na sakafu ya kuchezea, basi. Tena albamu inaishi kwa kuazima. Love Again imejengwa juu ya tarumbeta ya rekodi ya mwaka 1932, ile ya bendi ya Lew Stone iliyoimbwa na Al Bowlly, ambayo mwanamuziki White Town alikuwa amekwisha kuiazima miaka ya 1990, na gitaa la Break My Heart linatoka kwa bendi ya INXS, kwenye wimbo wao wa mwaka 1987. Kuazima kwenyewe si kosa, na jina la albamu limekwisha kulikiri jambo hilo waziwazi, ila kuna nyakati unajikuta umefurahi na hujui kama aliyekufurahisha ni mwimbaji huyu au ni yule wa zamani.

Break My Heart ndiyo iliyotuchekesha jioni ile. Ndani yake kuna mahali ambapo mwimbaji anajuta kwamba hakubaki nyumbani, na kwa watu waliokuwa hawajavuka kizingiti tangu mwezi uliopita maneno hayo yalifika mahali ambapo mtunzi hakuyatuma. Niliwaona wakicheka bila sauti, mmoja baada ya mwingine kwa kadiri mstari ulivyomfikia. Hapo tulikuwa juu kabisa. Kama albamu ingeishia pale, ningesema leo kwamba sijui albamu nyingine ya pop ya dansi ya miaka hii iliyopangwa vizuri kuliko hiyo.

Haikuishia pale. Wimbo wa kumi, Good in Bed, ni kinanda cha kuchekacheka na kiitikio kinachorudia maneno mafupi hadi yanakera, ukieleza kwa lugha isiyofichwa habari za wapenzi wanaogombana mchana na kupatana kitandani. Mzee wetu mmoja, ambaye wajukuu wake walikuwa wakicheza naye, aliinama haraka akazima kitu, na kidirisha chake kikabaki na watoto waliosimama wakishangaa. Wengine waliendelea kutikisika kwa heshima tu. Kutoka wimbo wa tisa kwenda wa kumi ni kama mwenyeji kuwasha taa zote za ukumbi wakati wageni bado wanacheza: hakuna aliyefukuzwa, lakini kila mtu ameanza kutazama viatu vyake vilipo.

Kisha ukaja wa kumi na moja, Boys Will Be Boys. Hauna mpigo wa dansi. Una nyuzi, una kwaya, na unaanza na msichana anayetaka kufika nyumbani kabla ya giza, anayeshika funguo katikati ya vidole vyake kunapokuwa na wavulana karibu, na anayejifunza kuicheka hofu yake ili isionekane. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa mahali pake ndani ya muziki, niliweza kuona kwa macho jinsi wimbo huo ulivyowafikia. Kusimama kulianzia kidirisha cha juu, kukapita katikati, kukashuka. Mmoja alichukua chupa ya maji. Wawili walizima kamera. Kijana mmoja aliigiza kupiga fidla ya kufikirika, akatazama kioo, akaacha.

Dada wa kidirisha cha chini kushoto hakufanya lolote kati ya hayo. Alikuwa ndiye mchezaji wetu mwepesi kuliko wote na ndiye aliyekuwa akizima kamera mapema kila mara, muziki ukiisha tu haonekani. Safari hii alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono yote miwili juu ya magoti, akiwa hatazami kioo bali upande wa chumba ambao kamera haikuufikia. Nywele zilikuwa zimemnata kwenye paji la uso na hakuziondoa. Jasho lilimshuka shavuni likafika kidevuni, nalo pia hakulifuta. Kila alipovuta pumzi mabega yalipanda, kwa kuwa mwili ulikuwa bado haujatulia baada ya Break My Heart, lakini uso ulikuwa umetulia zamani. Midomo haikufuata maneno. Wimbo kwangu ulikwisha, na nikaendelea kumtazama akiusikiliza mwisho wake ambao mimi nilikuwa nimeshaupita, hadi nikaona aibu kutazama.

Akafungua kipaza sauti. "Kaka, hebu urudie huo wa mwisho."

Nilimwambia kwamba anao kwake, anaweza kuurudia. Akasema, "Najua. Urudieni wote."

Tukahesabu hadi tatu, tukabonyeza. Hakuna aliyecheza. Yeye alisahau, au aliamua, kutofunga kipaza sauti chake, hivyo niliusikia wimbo mara mbili: wa kwangu, na wa kwake ukiufuata nyuma kidogo kutoka chumba ambacho sikukijua. Ulipokwisha alisema asanteni, usiku mwema, akaondoka, na wengine nao wakaaga haraka haraka.

Usiku ule ule niliandika tathmini yangu. Nilisifu besi, nikasifu mpangilio wa nyimbo za katikati, nikalalamikia maneno, na nikasema kwamba albamu ilipaswa kuishia wimbo wa tisa, kwa kuwa mbili za mwisho zinavunja kile ambacho zile tisa zimekijenga. Asubuhi nilikuta ujumbe wa dada yule. Ulikuwa mfupi: "Kwako ndiyo iliishia hapo." Hakuongeza neno, nami sikumdai maelezo, na wiki iliyofuata alicheza na kikundi na kuzima kamera yake mapema kama desturi.

Nasimama na hoja ile kuhusu ufundi. Kiitikio cha Boys Will Be Boys kimeandikwa kwa ajili ya bango, kinamhubiria msikilizaji ambaye ubeti wa kwanza ulikuwa umekwisha kumshika, na kwaya inaongeza uzito mahali palipohitaji kuachwa wazi. Hata hivyo, ubeti ule wa funguo ndio mahali pekee katika dakika zote 37 ambapo namwona mtu mahususi akitembea barabara mahususi, na lawama yangu kuu kwa albamu, kama mnakumbuka, ilikuwa wepesi wa maneno. Mimi nimerudi nyumbani usiku kwa miguu maisha yangu yote, funguo zikiwa mfukoni. Sijui hilo lina uzito gani katika tathmini ya muziki, na sijui liandikwe kwenye aya ipi.

Baadaye albamu ilishinda Tuzo ya Grammy ya albamu bora ya uimbaji wa pop, mwaka 2021, na kabla ya hapo, Agosti 2020, DJ The Blessed Madonna alikuwa ameichanganya upya kwa ajili ya klabu. Februari 2021 likaja toleo refu lililoongeza nyimbo nyuma, kwa hiyo wimbo niliotaka ukatwe haukuwa tena wa mwisho.

Tangu mpwa wangu aniulize nimekuwa nikijaribu kuupatia nafasi. Ukiwekwa mwanzoni, yale majigambo ya wimbo uliobeba jina la albamu yanapata sababu, lakini Don't Start Now inashindwa kumwinua yeyote kwa muda mrefu. Ukiwekwa baada ya Pretty Please, pumzi zinalingana vizuri, ila Hallucinate inaingia bila adabu, ikimtaka mtu arukeruke kabla hajamaliza kufikiri. Nilimwandikia dada yule kumuuliza yeye angeuweka wapi. Alijibu kwamba uko pale pale panapofaa, na kwamba ni sisi tuliokuwa na haraka ya kuzima. Sikubaliani naye. Albamu ya dansi ikisimamisha watu ni lazima iwe na namna ya kuwaondoa pale walipo, na hii haina. Lakini nafasi iliyo bora zaidi sijaiona, na Hallucinate bado inakataa kukaa jirani na wimbo huo.