Kamera ya ukumbi wa kupamba

Walionishauri kuhusu kamera walikuwa wengi, na wote wanaume. Nawaheshimu. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutia mguu kwenye ukumbi wa kupamba, wala hatatia, kwa sababu pale mlangoni hukaa mama mmoja na kiti chake, na anawarudisha mpaka watoto wa kiume wa darasa la nne. Mtu hajaiona taa ya mle ndani maishani mwake, ataweza kunichagulia kamera ya kupigia mle ndani?

Kwa asiyezijua harusi zetu za Mombasa, usiku wa kupamba ni wa wanawake watupu. Mabuibui yanavuliwa, nywele wazi, dhahabu wazi, bibi harusi anapandishwa jukwaani watu wamtazame. Simu zinakusanywa mlangoni, na mpiga picha lazima awe mwanamke. Ndiyo maana mimi, niliyekuwa nauza maleso Biashara Street na kuwapiga dada zangu picha kwa simu, nikajikuta naitwa huku na huku.

Ushauri wa kwanza niliupata kwa mtoto wa ami yangu, ambaye hushauri watu kila kitu, kuanzia magari mpaka dawa ya kikohozi. "Wewe angalia megapikseli. Zikiwa nyingi umemaliza." Megapikseli ni hesabu, kwa mamilioni, ya vijidoti vinavyounda picha. Nikaenda na neno hilo kama lilivyo. Nikanunua Nikon D3200 iliyokwisha kutumika, megapikseli 24, pamoja na lenzi yake ya kuvuta, ya 18-55, elfu ishirini na kitu. Nikaijaribu kando ya bahari pale Mama Ngina saa kumi alasiri, bahari nyuma, watoto wanatafuna mihogo ya pilipili. Picha zikatoka kama za kalenda. Nikatembea mpaka nyumbani nimeivaa shingoni, makusudi, majirani waone.

Kupamba yangu ya kwanza ilikuwa Majengo. Ukumbi umefunikwa vitambaa mpaka darini, taa za zambarau na kijani zinazunguka, na taa nyeupe ni moja tu juu ya jukwaa, nayo mpambaji ameizibia kwa shada la maua. Ile lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la kuingizia mwanga halifunguki kupita f/5.6, na namba hii ikiwa kubwa tundu ni dogo. Gizani hilo ni tundu la sindano. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, picha zikajaa chenga kama mchele wa bei ya chini. Nikaishusha, shata, lile pazia la ndani ya kamera, ikawa ya polepole, waliokuwa wakicheza chakacha wakageuka moshi. Mwisho nikainua ile flashi ya juu ya kamera, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Bibi harusi wa watu, aliyeketi saluni tangu adhuhuri, akatoka mweupe kama kamwagiwa unga, na nyuma yake giza tupu, utadhani kaolewa pangoni.

Mamake aliziangalia zote bila kusema kitu, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hawa ni sisi au ni majini?"

Nilimrudishia nusu ya pesa.

Washauri wangu waliposikia, mmoja akasema nunua kamera yenye megapikseli zaidi, mwingine akasema nunua taa mbili kubwa za kusimamisha. Taa za kusimamisha, ndani ya ukumbi ambao akina mama mia mbili wanacheza na watoto wanakimbizana chini ya meza! Nikaacha kuuliza. Nikakaa na simu usiku, nikasoma, na nikaona kwamba shida yangu ilikuwa ile namba iliyoandikwa mbele ya lenzi. Lenzi inayofunguka f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya ile ya f/5.6. Mara kumi! Na ni lenzi ndogo ya plastiki, haina kuvuta wala kusogeza, 50mm basi.

Nikapata ya mtumba, Nikkor 50mm f/1.8D, kama elfu nane. Muuzaji akaapa kwamba inaingia kwenye Nikon yoyote. Hakusema uongo. Iliingia. Nikaisikia ikilia "tak", nikaiona imekaa, nikaitia mkobani, na sikubofya hata picha moja mpaka nikafika ukumbini, Bondeni.

Basi ngoma imepamba moto, vigelegele, udi unafuka, bibi harusi yuko mlangoni na somo wake, mama anayemfunda, kamshika mkono. Nikabofya. Kimya. Nikabofya tena. Kimya. Nikachungulia kwa makini ndani ya kitundu cha jicho, naona herufi tatu zinapepesa: FEE, yaani ada kwa Kiingereza. Nikasema haya sasa, hata mashine inadai malipo? Elfu nane nimetoa, inataka nini tena?

Nikakimbilia mlangoni nimpigie muuzaji. Simu yangu ilikuwa kwenye beseni la yule mama pamoja na simu nyingine kama mia, na zote, wallahi, zilikuwa nyeusi. Nimechutama nafukua beseni, nyuma yangu bibi harusi anatembea kwenda jukwaani, matembezi ambayo hatayarudia. Nilipoipata simu, muuzaji hakushika.

Aliyeniokoa ni binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, nilikuwa nimemleta anibebee mkoba. "Shangazi, mbona huku nyuma kumeandikwa? Inasema zungusha ile ringi ya lenzi mpaka namba kubwa kabisa, uifunge hapo." Kweli, skrini ya nyuma ilikuwa imejaa maelezo, na mimi macho yangu yamo kitunduni tu. Lenzi hizi za zamani zina ringi yake ya kuchagulia tundu, na namba ya mwisho, 22, imeandikwa kwa rangi ya machungwa na ina kikufuli kidogo pembeni. Mimi nilikuwa naiogopa hiyo 22, nikijua ni tundu dogo kabisa, nitarudi kwenye giza lile lile. Kumbe ukiifunga pale, kamera yenyewe ndiyo inayoshika usukani, na f/1.8 unaichagulia kwenye kamera.

Nikafunga. Nikabofya. Ikalia. Nikamshukuru Mungu mapema mno, maana picha ilikuwa ukungu mtupu. Lenzi haitafuti fokasi. Naielekeza kwa bibi harusi, imetulia kama imelala.

Hili ndilo ambalo kati ya washauri wote hakuna aliyenitajia. Lenzi za Nikon zilizoandikwa AF tupu na herufi ya D mwishoni, kama hii yangu, hazina mota ndani, zinategemea mota iliyomo kwenye mwili wa kamera. D3200 na ndugu zake wadogo hawana mota hiyo. Lenzi itakaa, itapiga picha, lakini fokasi ni kwa mkono wako. Ningenunua yenye maandishi AF-S, ambayo ina mota yake, ningelala usingizi.

Sasa nifanyeje? Niliona kwamba chini kushoto ndani ya kitundu kuna kidoti cha kijani kinachowaka kitu kikiwa kimenyooka, yaani kimeshika fokasi. Nikaacha kuhangaika na ringi. Nikaiweka fokasi kwenye umbali mmoja, kama hatua mbili, kisha nikawa nasogea mwili wangu mwenyewe, mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kidoti kiwake, nabofya. Mbele, nyuma, bofya. Usiku kucha. Akina mama wakadhani nacheza lelemama, na bibi mmoja akainuka akanituza shilingi mia mbili kifuani. Nilizichukua.

Picha zilikuwa kama mia nne, zilizonyooka hazifiki sitini. Lakini hizo sitini! Mkono wa bibi harusi umelala juu ya paja, hina nyekundu imezungushiwa piko nyeusi, unaona mpaka pale mchoraji alipoinua kijiti na kukirudisha. Asumini kichwani, kila ua na kivuli chake. Mwanga hafifu kama ule nilioulaani Majengo ndio sasa ulikuwa umemkaa usoni kama asali. Kasoro ilikuwa moja, na mama wa bibi harusi aliiona mara moja: "Mbona hapa imenyooka pua peke yake?" Kwa f/1.8 ukiwa karibu, kinachonyooka ni kipande chembamba sana. Ukishika pua, macho yanapotea. Siku hizi uso wa karibu naupiga kwa f/2.8 na nashika jicho.

Nilifanya kazi hivyo karibu mwaka mzima, nikiyumba kama mlevi. Zamu yangu ya mchezo wa kuchangiana pesa ilipofika nikatafuta mwili wa kamera unaofaa lenzi yangu, badala ya lenzi ya kufaa mwili. Nikaangukia Nikon D750, ya mwaka 2014. Ina mota ndani. Megapikseli? 24. Zile zile! D3200 ina 24.2, D750 ina 24.3. Ila kihisi, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, cha D750 ni milimita 36 kwa 24, kile cha D3200 ni kama 23 kwa 15. Chukua donge dogo la unga ukate mahamri ishirini na manne, kisha chukua donge kubwa zaidi ya mara mbili ukate ishirini na manne vile vile. Hesabu ni moja, lakini nani atakula yale ya kwanza akashiba? Kila kijipande kikiwa kikubwa kinapokea mwanga zaidi, na chenga zinapungua. Isitoshe, 50mm kwenye D3200 huona kama 75mm, kwa hiyo kwenye vyumba vidogo vya Mji wa Kale mgongo wangu ulikuwa umegonga ukuta na bado kichwa cha somo kimekatika.

Wapo walionisukumia zile za kisasa zisizo na kioo ndani. Ni nzuri, sizipingi, ila lenzi yangu ya D hata ukiiwekea adapta ya Nikon ya kuiunganisha haishiki fokasi yenyewe, ningerudia lelemama. Na bei yake niiache.

Kununua ya mtumba ndipo nilipojivunia. Muuzaji wa kwanza nilimwambia afungue lenzi, nikamulika tochi kutoka nyuma. Ndani kulikuwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kuvu. "Ni vumbi tu, dada." Vumbi halioti mizizi, kakangu. Wa pili alikataa nisitie kadi yangu, nikamuaga. Wa tatu alikubali, nikamchukua mpaka ndani ya soko la Marikiti, kwenye viungo, kule ambako mwanga unaingia kwa kuibia. Nikamuomba muuza viungo ruhusa, nikapiga gunia la pilipili manga kwa ISO 3200, kisha 6400. Nikatoka nje nikapiga mbingu kwa f/16, maana tundu likiwa dogo ndipo madoa ya vumbi kwenye kihisi yanapoonekana. Yule kijana alikuwa amesema kamera imepiga picha elfu kumi tu. Nikamwambia anisubiri hadi kesho. Nikon huandika ndani ya faili la picha idadi ya mara shata ilivyopiga, na programu za bure za kompyuta zinaisoma. Elfu tisini na zaidi! Shata ya D750 imepimwa kwa laki moja na nusu, bado ina maisha, lakini maisha ya elfu kumi si ya elfu tisini. Nilipomtajia namba aliishiwa maneno, akashusha bei bila kuombwa sana. Nilitoa sabini na kidogo.

Unyevu wa hapa ndio adui mwingine, na D3200 yangu ilinifunza kwa gharama. Nilikuwa naiweka kwenye mfuko wa ngozi ndani ya kabati la nguo, nyumba yetu iko karibu na maji, na baada ya masika ile 18-55 ikaota kuvu. Mfuko wa ngozi unashika unyevu. Sasa naweka kila kitu kwenye kopo kubwa la plastiki la kuwekea unga, lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya punje za kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Niliomba maduka mawili ya viatu wakanijazia mfuko. Kuna aliyeniambia nitumie mchele. Mchele una vumbi lake, mpikie wageni. Na ukitoka kwenye ukumbi wenye AC kwenda kibarazani, lenzi inatoka jasho papo hapo. Ifunge ndani ya mfuko wa nailoni kabla hujatoka, uiache kama nusu saa izoee joto.

Simwambii kila mtu anunue kama mimi. Kijana anayepiga watalii pale ufuo wa Pirates, na jua lote lile, 18-55 yamtosha, yeye ahofie mchanga. Lakini kwa kupamba kuna jambo jingine ambalo D750 imenipa na sikulitafuta, nafasi mbili za kadi. Kadi iliwahi kunifia na nusu ya harusi, sitaki kukumbuka. Sasa kila picha inaandikwa mara mbili, na mama wa bibi harusi akitaka kuondoka na kadi zake usiku ule ule, naziingiza kwenye hesabu, namkabidhi zote mbili mkononi. Mmoja aliniuliza kama kamera hii haitumi picha kwenye simu kwa siri. Nikamwonyesha Wi-Fi imezimwa. Akataka kuona tena. Nikamwonyesha tena.

Juzi mtoto wa ami alikuja nyumbani, akaikuta mezani.

"Mpya hii? Megapikseli ngapi?"

"24."

"Si ndizo za ile ya kwanza?"

"Ndizo."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Sasa si umetupa pesa?"

Nikamsogezea sahani ya mahamri.