Mwenye mkono kwanza, mkono baadaye

Anayetaka kujua kama kweli anaweza kumfunga mtu mkono, yaani kuunyoosha kiwikoni mpaka akubali kushindwa, aje acheze jiujitsu, mieleka ya kubana viungo na shingo, Dar es Salaam mwezi wa pili. Ukumbi wetu uko Sinza. Hatuvai gi, yaani koti na suruali nzito za mchezo huu, ni fulana na kaptura tu, na dakika chache baada ya kuanza kila mtu amelowa chapachapa. Ukidaka kifundo cha mkono kinaponyoka kama kambale.

Mimi ni mwanamke mwembamba, na wengi ninaocheza nao ni wanaume wanaonizidi uzito kwa mbali. Kuvutana nao hakunifai. Nilikuwa nikipata mkono najitupa ubavuni ili niunyooshe, jamaa anainuka, anageuka, kiwiko kinachomoka, na mimi nimeshalaliwa. Mwalimu alinitazama mpaka akachoka, akaniambia, "Dada, wewe unashika mkono. Mwenye mkono umemwacha huru."

Akanikataza kumalizia. Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kumkalia mtu kifuani na kubaki hapohapo: magoti juu kabisa, karibu na makwapa yake, nyonga nzito, kichwa changu kikihama upande anaotaka kunipindulia. Mtu aliyekaliwa hivyo huanza kusukuma, na akisukuma, kiwiko chake kinaachana na mbavu. Hapo ndipo mkono unapatikana, tena anakupa mwenyewe.

Kisha tukahamia kwenye kumfunga mkono: unalala ubavuni kwake, mkono wake uko katikati ya mapaja yako, mguu wako mmoja kifuani kwake na mwingine usoni. Na hapa nilikaa sana kwa sababu ndipo palipokuwa na tatizo. Mwalimu aliniambia nikunje mikono yangu kifuani, nisishike chochote, mwenzangu ajaribu kutoka. Miguu na nyonga vifanye kazi yote. Nikaelewa upesi kwamba makalio yakiwa mbali na bega lake, pengo hilo linamtosha kugeuka. Magoti yakiachana, kiwiko kinapita katikati. Mguu wa usoni ukiwa mwepesi, anainua kichwa, na kichwa kikiinuka mwili mzima unafuata. Nilipojifunza kukaa nimegusa bega, kubana magoti na kuvuta visigino kuelekea mkekani, watu wazito walianza kukwama. Kugeuza kidole gumba chake kitazame dari na kuinua nyonga ni jambo dogo la mwisho.

Hata sheria za mashindano ya IBJJF, shirikisho la kimataifa la jiujitsu ya Kibrazili, zinathamini jambo hili. Kumkalia mtu kifuani au kumdhibiti mgongoni ni pointi 4, kuipita miguu yake na kumtuliza ni 3, kumwangusha ni 2. Kuvuta mkono bila kuumaliza hakuna pointi hata moja. Na Masahiko Kimura, mcheza judo wa Japani, alipopambana na Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiujitsu ya Kibrazili, uwanja wa Maracanã huko Brazili mwaka 1951, alimbwaga na kumkandamiza chini kwanza. Mkono aliupinda baadaye, na Hélio hakugonga, yaani hakupiga kiganja kuonyesha kwamba amekubali kushindwa. Pambano lilisimamishwa na watu wa upande wake. Siku hizi mtindo ule wa kupinda mkono unaitwa Kimura duniani kote, lakini wengi huiga mkono na kusahau kilichotangulia.

Roba ya nyuma nayo ilibadilika. Zamani niliikimbilia shingo. Sasa nagandisha kifua mgongoni kwake, mkono mmoja juu ya bega, mwingine chini ya kwapa, visigino ndani ya mapaja. Akigeuka nageuka naye. Shingo inakuja tu, na nguvu inayohitajika ni ndogo, maana kinachobanwa ni mishipa ya damu ya pembeni mwa shingo, si koo.

Ninachokithamini kuliko pointi zote ni usalama wa wenzangu. Mmoja wao ni seremala. Kiwiko chake kikiharibika, nyumbani kwake hawali. Usipomdhibiti mtu unalazimika kuvuta kwa haraka, kabla hajaponyoka, na kiwiko hakivumilii haraka. Akiwa amebanwa vizuri naongeza polepole, yeye anasikia inakuja na ana nafasi ya kugonga. Naona ni wajibu wa kila anayefundisha kulisema hili siku ya kwanza.

Upande wa kulia sasa naumudu. Kushoto magoti bado yanafunguka nikichoka, kwa hiyo kila baada ya mazoezi naomba mtu mzito alale chini, nakunja mikono kifuani, naye anajaribu kutoka.