Matairi ya baridi ya Corolla yangu ya 2007

Corolla yangu niliinunua dola 3,200. Gereji ya kwanza niliyopiga simu kuuliza bei ya matairi manne mapya ya baridi, kufunga humo humo, walinitajia 940. Nikashukuru, nikakata simu, nikakaa chini. Karibu theluthi ya bei ya gari!

Nakaa Longueuil, ng'ambo ya mto ukitoka Montréal. Huku Quebec, Canada, hakuna hiari: kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi gari lazima liwe na matairi ya baridi, yenye alama ubavuni ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Ukikamatwa huna, faini inaanzia dola 200. Siwalaumu. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7, na hapa Januari hasi 20 si habari.

Mimi nimekulia Tanga. Tairi kwetu ni la aina mbili tu, lenye kashata na lenye kipara. Hilo ndilo lililoniponza.

Novemba 2023, gereji zote zimejaa mpaka Desemba, nikaona mtandaoni matairi manne ya saizi yangu kwa dola 120. Nikaenda usiku baada ya zamu. Kijana akayatoa bandani, nikayamulika kwa simu: kashata nene, kama hayajawahi kukanyaga lami. Nikalipa chapchap asije akabadili mawazo. Njia nzima narudi naimba.

Asubuhi jirani yangu akayakuta kwenye korido. Ni baba wa makamo kutoka Lubumbashi, huko kwao alikuwa fundi wa malori. Kashata hakuziangalia kabisa. Aliinama, akafuta vumbi ubavuni kwa kidole gumba, akazungusha tairi taratibu mpaka akapata alichokuwa anakitafuta: tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu. 4108. Limetengenezwa wiki ya 41, mwaka 2008. Halafu akachomeka ukucha kwenye mpira. Haukuingia. Kwenye mifereji kulikuwa na nyufa nyembambanyembamba, kama kisigino kisichojua mafuta.

"Mama, hii mupira ilishazeeka," akasema.

Kwao tairi ni mupira, na siku nyingine ningemtania. Siku ile nilikuwa nahesabu: miaka 15. Tairi lilikuwa limezeeka likiwa stoo, kashata zikabaki nzima, mpira ukawa gogo. Kijana nikampigia mara tatu, hakupokea. Dola 120 zikaenda hivyo.

Basi Papa (ndivyo ninavyomwita) akanifanya mwanafunzi wake. Kwanza tarakimu nne, kabla hujamsalimia muuzaji. Akishindwa kukutumia picha yake, achana naye. Pili kipimo cha sarafu. Chukua senti 25 ya Canada, ile yenye kichwa cha caribou, mnyama wa jamii ya kulungu ambaye kila nikimtaja najihisi namkaribisha mtu ndani. Isimamishe kwenye mfereji wa tairi, pua ya mnyama ikitazama chini. Ukiona ncha ya pua, kashata zimebaki milimita 5 hivi, au pungufu. Kisheria linapita, maana kiwango cha chini ni milimita 1.6, lakini kwenye theluji nzito halikufikishi mbali, na pesa yako umetupa.

La tatu ndilo lililoniokoa. "Usitafute mupira, tafuta motokari iliyokufa." Barabara huku humwagiwa chumvi majira yote ya baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi ikishirikiana na kutu hula gari kutoka chini. Corolla za umri wa yangu zinakufa injini ikiwa bado nzima, na mwenyewe anabaki na seti ya matairi ambayo gari lake jipya haliyataki, yakiwa tayari kwenye rimu zake za chuma. Rimu ndiyo siri. Ukiwa na matairi matupu, kila Novemba na kila Aprili utamlipa mtu ayavue na kuyavisha. Yakiwa na rimu, unahitaji jeki, spana na nusu saa ya mgongo kuuma.

Nikaacha kuandika "matairi ya baridi" kwenye kisanduku cha kutafutia. Nikaandika jina la gari na miaka yake, kisha 195/65R15, namba ya saizi ileile iliyo ubavuni mwa matairi yangu ya kiangazi. Siku ya nne akatokea mama mmoja mtu mzima, sakafu ya Corolla yake imetoboka. Seti nzima na rimu, dola 280. Nikaomba picha ya tarakimu: 3421. Nikaenda na sarafu mfukoni, nikaichomeka tairi moja baada ya jingine, kila moja sehemu tatu, yeye ananitazama dirishani na kikombe chake. Pua haikuonekana hata mara moja. Jumlisha zile 120 za kijana, nimetumia 400. Inaniuma, lakini si kama 940.

Tulifunga Jumapili, mikono imeganda. Papa alikaza nati kwa mkato wa nyota, hii kisha ile ya mbali, akapima upepo maana baridi huupunguza, na pesa akakataa. Alitaka pilau. Akaniachia agizo moja: nikifikisha kilomita 100, nikaze tena.

Zilifika nikiwa kazini. Wakati wa mapumziko nikatoka na spana kwenye maegesho, koti juu ya sare. Nati 19 hazikutikisika. Ya 20, gurudumu la nyuma upande wa abiria, ikazunguka robo nzima.