Latitude E6430: betri inalaumiwa, chaja haitambuliki

Ijumaa usiku

Laptopu ya mpwa wangu imefika mezani. Ni Dell ya mwaka 2012, mtumba wa Uingereza, na kwa kazi za chuo bado inamtosha kabisa. Malalamiko yake: "Mjomba, betri imekufa. Stima ikipotea tu, inazima." Muuzaji mmoja kule Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, ameshamwambia anunue betri mpya. Mimi sikubali pesa itoke kabla mita haijapima.

Ukiiwasha, kabla Windows haijafunguka, linatokea onyo kwamba aina ya chaja haijulikani. Halafu mashine inajikokota: prosesa ya 2.6 GHz imekwama kwenye 1.2. Dalili hizi mbili zikija pamoja, betri naiweka kando kwanza.

Wenye Dell za miaka hiyo, tazameni kichwa cha chaja. Katikati kuna pini nyembamba. Umeme wa kuendesha mashine haupiti hapo. Pini hiyo hubeba habari tu. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayoieleza laptopu kama chaja ni ya wati 65, 90 au 130. Habari isipofika, laptopu huwaka vizuri kwa chaja, lakini hukataa kuchaji betri na hupunguza kasi ya prosesa isije ikavuta umeme kupita uwezo wa chaja.

Nimepima kichwa cha chaja: volti 19.5, sawa na lebo. Chaja ya jirani, ya wati 90 vilevile, imeleta onyo lilelile. Basi tatizo liko ndani ya laptopu.

Jumamosi

Nimefungua karibu kila kitu. Uzuri wa modeli hii ni kwamba soketi ya chaja ina waya wake na haijalehemiwa kwenye bodi kuu. Nikaweka mita kwenye mlio (hulia waya ukiwa mzima), ncha moja kwenye pini ya katikati ya soketi, nyingine upande wa pili wa waya. Kimya. Nikaukunja waya kidogo pale unapoingia kwenye soketi, mita ikalia. Nikauachia, kimya tena. Umekatika ndani ya ngozi yake, ilhali kwa nje ni mzima. Ningeweza kuulehemu, lakini hapo ndipo unapovutwa kila chaja inapochomekwa. Nimenunua soketi nyingine pamoja na waya wake, kwa bei ambayo haikaribii ya betri.

Jumapili

Onyo limetoweka, BIOS, programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, inasoma wati 90, na prosesa imerudi kwenye kasi yake. Betri inachaji!

Nimetoa ripoti ya betri kwa amri ya Windows, powercfg /batteryreport: ilitengenezwa kubeba 60 Wh (wati-saa, kipimo cha umeme unaohifadhiwa), sasa inabeba 41. Imechoka, haijafa. Nikiiacha icheze video bila chaja inaenda vizuri hadi asilimia 18, kisha inaanguka ghafla hadi 5. Ndani kuna seli sita, jozi tatu zilizofuatana, volti 11.1 kwa jumla. Nadhani jozi moja imedhoofika na inaziangusha zingine. Pakiti sitaifungua, seli za lithiamu zikitobolewa huwaka moto. Haijavimba, kwa hiyo ataendelea nayo.

Nimeiseti ihifadhi kazi na kujizima ikifika asilimia 25. Mwisho wa muhula nitatoa ripoti nyingine. Ikiwa chini ya 30 Wh, tutanunua betri.